Mashemeji Wawili na Kompyuta Iliyoganda

Wapendwa, leo nawapeleka mahali ambapo hamkutegemea mchungaji awapeleke. Twende kwenye chumba cha gemu. Naona akina mama wa mstari wa mbele wameshaanza kutazamana! Tulieni. Tunaingia pamoja na tutatoka pamoja.

Kulikuwa na wanaume wawili pale Tukuyu, mmoja Gwamaka, mwingine Ipyana. Gwamaka alikuwa seremala. Ipyana alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la chai. Gwamaka alimwoa Tumpe, dada yake Ipyana, na tangu siku ya ile harusi mashemeji hawa wakapendana kuliko watu waliozaliwa tumbo moja. Kila Jumapili baada ya ibada Ipyana alikula kwa dada yake. Na kitu kilichowaunganisha zaidi, msicheke, kilikuwa gemu ya mbio za magari. Watu wazima, wana ndevu!

Basi wakaamua kuunda kompyuta yao wenyewe, kompyuta yenye nguvu, waiweke kwenye chumba kilichopakana na karakana ya Gwamaka, ili majirani waje washindane siku za Jumamosi. Wakagawana kazi. Gwamaka akatafuta prosesa, ile sehemu inayopiga hesabu zote. Gari likikata kona, prosesa ndiyo inayojua litaangukia wapi. Ipyana akatafuta memori. Memori, akina mama, ni kama meza ya jikoni: vitunguu, nyanya, chumvi, kila unachohitaji kwa pishi la sasa hivi unakiweka hapo, karibu na mkono. Kadi ya picha, ile inayochora magari na barabara kwenye skrini, wakaichagua wote wawili.

Kompyuta ikawaka. Ilikuwa shangwe! Jumamosi chumba kinajaa mpaka wengine wanachungulia dirishani. Wauza ndizi walikuja. Alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mama mpole kabisa barabarani, lakini akishika usukani wa gemu anasukuma wenzake mitaroni bila huruma. Hata wacheza mbio wa Kyela walipata habari, wakapeleka salamu: tunakuja kuwafunga. Tukuyu wakajibu: njooni, tunawasubiri.

Halafu ikaanza kuganda.

Gari linakwenda vizuri, linafika kwenye kona, picha inasimama. Moja, mbili, tatu. Ikirudi, gari liko mtaroni, watu wanapiga kelele. Siku ya kwanza Gwamaka akasema kwa utani, "Shemeji, hii memori yako uliiokota wapi?"

Ipyana akacheka. "Memori yangu? Si hiyo prosesa yako! Sikiliza inavyohema."

Wakacheka wote. Wiki ya pili alicheka mmoja. Wiki ya tatu hakucheka mtu. Nawauliza, wapendwa, hamjawahi kuona ugomvi ulioanza kama mzaha? Mbona mmenyamaza ghafla?

Gwamaka akawa anawaambia wateja wake karakanani, huku anapiga randa, kwamba shemeji yake kaleta memori mbovu. Maneno yakatembea mpaka shamba la chai. Ipyana akaacha kwenda kula kwa dada yake. Jumapili ya kwanza Tumpe alimwekea sahani, akaifunika. Jumapili ya pili akaiweka tena. Ya tatu, Ipyana akapiga simu, akasema maneno mafupi tu: "Dada, mwambie mumeo nakuja kuchomoa memori yangu. Kila mtu achukue chake."

Tumpe alikaa na ile simu mkononi. Kwake haikuwa habari ya kompyuta. Huyu ni mume wake, yule ni mdogo wake, na kati yao kuna sahani imefunikwa. Nayo mashindano na Kyela yalikuwa yamebaki wiki moja, lakini hilo wala hakuliwaza.

Akampigia fundi wa kompyuta kule Mbeya mjini, mama mmoja aitwaye Subilaga, ambaye alianza kwa kutengeneza redio zamani, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Kisha akawaita mume wake na mdogo wake kwenye chumba cha gemu, saa nne asubuhi, kila mmoja bila kumwambia kwamba mwenzake atakuwepo. Ndivyo dada wanavyofanya kazi!

Wakakutana mlangoni, wakanuniana. Fundi Subilaga, aliyekuwa ameshafika, akauliza, "Haya, shida ni nini?"

Wakajibu kwa pamoja. "Memori ni mbovu," mmoja. "Prosesa imechoka," mwingine.

Mama yule akainua mkono. "Mimi sikuja kusikiliza kesi. Kaeni, mcheze. Nataka niione inapougulia."

Wakakaa bega kwa bega, bila kutazamana, wakaendesha magari. Kwenye kona, ikaganda. Fundi akasogea, akashusha ubora wa picha mpaka chini kabisa, magari yakawa kama maboksi ya sabuni yenye magurudumu. "Kama kadi ya picha ndiyo inayoelemewa," akasema, "sasa imepunguziwa mzigo. Endesheni."

Ikaganda vilevile.

"Basi kadi haina kosa. Iacheni." Kisha akafungua ukurasa unaoonyesha kila sehemu ya kompyuta inafanya kazi kiasi gani, akauacha wazi kando wakati gemu inaendelea. "Kaka Gwamaka, nisomee prosesa."

Gwamaka akainama. "Asilimia thelathini na tano. Imepanda arobaini. Imeshuka tena."

"Hiyo haijachoka," fundi akasema. "Ina nguvu tele. Inasubiri."

Ipyana akainamisha kichwa. Gwamaka akaruka. "Nilisema! Sikusema mimi?"

"Tulia. Kaka Ipyana, nisomee memori."

Ipyana akasoma kwa sauti ndogo. "Asilimia tisini na nane."

"Imejaa mpaka pomoni. Meza haina nafasi. Kila kitu kipya lazima kifuatwe stoo, kwenye diski, na huko ni mbali. Prosesa inakaa mikono mitupu, inangoja. Hapo ndipo gari lenu linapoganda."

Gwamaka alikuwa ameshaanza kucheza. Ndiyo, kucheza dansi, mbele ya mke wake! "Memori! Memori ya shemeji!"

Fundi akavaa miwani yake, akamtazama. "Nimesema imejaa. Sijasema ni mbovu." Akamgeukia Ipyana. "Uliweka kiasi gani?"

"Vipande viwili. Gigabaiti nane na nane. Niliviweka kwa mkono wangu."

"Kumi na sita. Mbona mashine inahesabu nane tu?"

Ipyana alijua alichokiweka. Akatazama ile namba, akatazama dada yake, macho yakamlowa, kwa sababu hakuna kitu kinachouma kama kusema kweli na ushahidi ukakukana. Fundi akaliona hilo, akasema taratibu, "Nakuamini. Sasa niambieni, tangu siku ile, kuna mtu alifungua hili boksi?"

Dansi ikakatika.

Wapendwa, pale Gwamaka angeweza kunyamaza. Nani angejua? Fundi angefungua, angekuta kasoro, angeirekebisha, na shemeji angebaki na aibu isiyo yake. Wangapi tungenyamaza? Usinyooshe mkono, jibu moyoni.

Gwamaka akakaa chini. "Mimi," akasema. "Nilifungua mimi. Vumbi la mbao lilikuwa limejaa humo ndani. Nikachomoa kipande kimoja cha memori nifute chini yake, nikakirudisha. Kompyuta ikawaka, nikajua nimemaliza. Sikumwambia mtu." Akalitazama lile boksi. "Na ni baada ya siku ile ndipo ilipoanza kuganda. Sikutaka kuliwaza hilo."

Fundi akazima umeme, akafungua boksi. Kipande kilikuwa pale pale, kimesimama, ukikitazama kwa juu huoni tatizo. Lakini upande mmoja ulikuwa umeinuka, unene wa ukucha tu. Kipo ndani ya nyumba na hakijaingia kazini.

"Shemeji," Gwamaka akasema, "ni chako. Kisukume wewe."

Ipyana akafuta macho. "Tusukume wote. Usije ukasema tena nimekosea."

Wakaweka dole gumba huku na dole gumba huku, wakasukuma. Ta! Sauti ndogo tu, wapendwa. Ta! Wakawasha. Kumi na sita! Wakaingia kwenye gemu, wakarudisha picha nzuri, wakaifikia ile kona, gari likapita kama maji. Wakaifikia tena, likapita. Tumpe akapiga kigelegele ambacho, wanasema, kilisikika mpaka sokoni.

Gwamaka akaachia usukani. "Nisamehe, shemeji. Nilikutangaza karakana nzima."

"Nimekusamehe ulipofungua mdomo," Ipyana akajibu. "Ila karakanani utakwenda kuwaambia wewe mwenyewe. Na sasa hivi nakupita, shika usukani!"

Gwamaka akaenda kuwaambia kweli, mteja mmoja mmoja. Jumamosi iliyofuata Kyela wakaja. Mnataka kujua nani alishinda? Kyela! Watatu kwa wawili! Lakini Tukuyu walicheza ngoma mpaka wageni wakashangaa hawa wanashangilia nini.

Sasa tuje kwetu sisi.

Mmeona ile prosesa? Iliambiwa imechoka wakati ilikuwa inasubiri. Ile memori iliitwa mbovu wakati hakuna aliyeifikisha mahali pake. Sisi nasi tuna ulimi mwepesi. Yule mvivu, yule mzito, yule hafai. Tumewahi kukaa, kama yule mama, tukatazama kwanza mtu anakwamia wapi? Tumewahi kuuliza, huyu anasubiri nini, na anakisubiri kutoka kwa nani?

Niwaambie ukweli. Mfano huu nilikuwa nimeuandaa kwa ajili ya kuwasema vijana. Ndiyo, ninyi hapo kushoto. Miezi mitatu nimesimama hapa mimbarani nikitangaza kwamba maombi ya vijana ya Jumatano hayaanzi saa kumi kamili. Nimewaita walegevu. Nimewauliza mbele za wazazi wenu kama mnampenda Mungu.

Jumatano hii nilifika saa kumi na nusu. Nikawakuta vijana wamesimama nje, manyunyu yanawapiga, wanaimba. Nikawauliza kwa ukali, "Mbona hamjaingia?" Mwenyekiti wao, binti mwenye adabu kuliko mimi, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mchungaji. Ufunguo unao wewe."

Miezi mitatu, wapendwa! Walikuwa wanafika saa tisa na dakika hamsini, wananingoja nifungue mlango. Aliyekuwa anachelewa ni mimi, na hakuna aliyethubutu kuniambia, kwa sababu mwenye kipaza sauti ni mimi.

Huu hapa ufunguo. Mwenyekiti wa vijana, simama, njoo mbele uuchukue, na usinirudishie. Vijana, nisameheni. Niliwasema hadharani, naomba msamaha hadharani.

Ahsanteni kwa makofi, lakini yapunguzeni, sijamaliza. Ninyi mnaomcheka mchungaji, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya, mama, baba, ingizeni mikono mifukoni, fungueni mikoba. Tazameni mmeshika kitu gani ambacho mtu mwingine amesimama nje anakingojea. Na anayekiona asikae nacho mpaka Jumatano. Tusimame, kila mtu amwendee mtu wake sasa hivi. Kwaya, imbeni tukiwa tunatembea.