Kipimo cha Chungwa ni Meno

"Kipimo cha chungwa ni meno." Mjomba wenu alimwambia hivyo Nuru, mwenzenu, leo, alipomkuta ameshinda na simu kutwa nzima, nanyi mkacheka mkidhani ni maneno ya kale yasiyo na mwenyewe. Mwenyewe yupo. Wa kwanza kuyasema ni mama yangu mzazi, Bi Mwantumu, kwenye sebule hii hii, wakati mimi nimebakiza kidogo tu kumkatisha mguu kwa mikono yangu. Kaeni niwaeleze. Na mkiniona nasimama na kukaa msinishangae, habari hii hainipi utulivu mpaka leo.

Mama aliletwa kwangu hapa Muheza akiwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hospitalini walimpa dawa, wakamkataza soda na chai ya sukari, wakamwambia ale mboga, na matunda kwa kiasi. Kisha daktari akanivuta pembeni. Kidonda kisipoanza kufunga ndani ya mwezi, alisema, mguu utakatwa.

Mwezi! Nilirudi nyumbani nikihesabu siku kwa vidole kama mtoto.

Mama alikuwa mtu wa desturi. Mama mkwe hatafuni mbele ya mkwewe, ndivyo alivyolelewa, na wala hakuna aliyeweza kumwambia vingine. Chakula chake alikila chumbani, mlango umefungwa. Tatizo ni kwamba babu yenu Mhina alikuwa fundi baiskeli, na kazi yake aliifanyia hapo barazani. Mara aingie kutafuta spana, mara aombe maji. Mama alishinda sebuleni, mguu juu ya stuli, na hakuthubutu kumenya hata ndizi. Lakini kunywa alikunywa. Kunywa si kula, alisema. Unajifunika upindo wa kanga, unapiga mafunda yako, na taya lako halimchezei mtu.

Hapo mimi nikajiona nina akili kuliko madaktari. Nyuma ya nyumba tulikuwa na michungwa sita, imeinama kwa kuzaa. Nikachuma, nikakamua, nikachuja, makapi nikawatupia mbuzi wa jirani. Sikutia sukari hata chembe. Jagi la asubuhi, jagi la mchana, jagi la alasiri. Mama akinywa, moyo wangu unatulia. Nilikuwa nampenda, wajukuu zangu, na mapenzi yangu yote niliyaweka kwenye lile jagi.

Ndipo kiu ilipomshika. Hakai dakika kumi bila kuomba. Anakunywa, anakwenda chooni akichechemea, anarudi, anaomba tena. Mimi nikawa kiguu na njia kati ya michungwa na sebule, vidole vimechubuka kwa kukamua. Kadiri alivyoona kiu ndivyo nilivyomwongezea, na kadiri nilivyomwongezea ndivyo kiu ilivyozidi. Kidonda kikaanza kutoa harufu. Nilikuwa nikimfunga bendeji huku nimebana pumzi, nikijifanya sisikii kitu.

Wiki ya tatu tukaenda kliniki. Nesi, mama mmoja mnene mwenye miwani, alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akatoboa kingine kuhakikisha. Sukari ishirini na mbili, karibu mara tatu ya inavyotakiwa.

"Bi mkubwa, unakula nini?" aliuliza.

"Ugali kidogo, mchicha, samaki," mama akajibu. "Dawa nameza. Mwanangu huyu hapa, muulize."

Nikaapa kwamba ni kweli, na ilikuwa kweli. Nesi akakuna kichwa. Wakati anaandika, mama akaona kiu, akatoa chupa kwenye kikapu, akajifunika kanga yake, akanywa.

"Hiyo nini?"

"Juisi ya machungwa," nikasema kwa fahari. "Nakamua mwenyewe. Haina sukari."

"Machungwa mangapi yameingia humo?"

"Tisa."

Nesi akavua miwani. "Bi mkubwa, mtu akikuwekea machungwa tisa kwenye sinia, utayatafuna yote?"

"Machungwa tisa? Kwani mimi ng'ombe?"

"Basi umeshayamaliza, na saa nne haijafika. Chungwa lenyewe lina sukari yake. Ukilitafuna na nyama zake, inaingia mwilini polepole, na tumbo linakwambia basi. Mwanao amekutolea kile kinachosema basi, akakuachia sukari." Akanigeukia. "Ale moja kwa siku, zima, kwa meno. Kiu ni maji. Mrudi wiki ijayo, na mwombe Mungu."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nililia nikiwa nimeshika lile jagi, nikatamani kulivunja.

Lakini mama akakataa kutafuna. Akala kiapo. "Wanikate tu mguu," alisema. "Mhina hataona taya langu likicheza. Nitaheshimiwa na nani tena kwenye nyumba hii?" Nikambembeleza, nikamgombeza, nikapiga magoti. Nikamwambia ale chumbani, akasema si mfungwa yeye wa kusukumwa ndani kila saa, hata mlo wa mchana aliula humo kwa kubanwa na desturi tu. Siku nzima ikapita hivyo.

Mhina alikuwa barazani, amesikia yote. Akanawa mafuta mikononi, akaingia na machungwa mawili, akaketi mkekani, uso kwa uso na mama mkwe wake. Nikaganda. Hajawahi kuketi hivyo tangu anioe.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba, baba," mama akajibu, kichwa kimeinama.

Mhina akamenya chungwa, akalipasua mapande, akajaza kinywa. Akatafuna, tena kwa kelele, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, kokwa moja imemganda kidevuni. Mama akajificha uso kwa kanga. Mhina hakuacha. Alipomaliza akajipangusa.

"Mama, aibu yangu umeiona yote. Mimi sina tena heshima ya kukudai. Nakuomba mguu wako."

Kanga ikaanza kutikisika, na kumbe mama anacheka. Akanyoosha mkono. Mhina akamenya la pili, akampa, akageuka kutazama ukuta.

Mama akatafuna. Taratibu, meno yenyewe yamebaki machache, pande moja baada ya jingine. Nikamuuliza kama nimletee lingine.

"La nini?" akasema, huku anajishika taya. "Nimechoka, na nimeshiba. Nilimaliza tisa kabla ya saa nne, wala sikujua. Kipimo cha chungwa ni meno, mwanangu."

Kiu ilipungua ndani ya siku chache. Mwezi ulipotimia kidonda kilikuwa kimeanza kuziba pembeni, mguu ukaachwa, ila kilichukua miezi zaidi. Kilifunga. Mama aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na kila siku alikula chungwa lake hapo sebuleni, Mhina akiwepo. Siku alipotutoka, mimi ndiye niliyemwosha miguu. Ilikuwa miwili, na vidole vyake kumi.

Kwa hiyo mkipewa kitu laini, kinachoshuka bila kuwachosha, na mkono unataka kingine na kingine, msiulize glasi kama inatosha. Kipimo cha chungwa ni meno.