Kinu Kilichosikika Msibani kwa Komba

Ngano hii nilisimuliwa kwanza na Bi Mwanamvita, mkunga aliyenizalisha, siku niliyotoka arubaini. Nami nawasimulia kama alivyonisimulia.

Paukwa!
Pakawa!
Nani mwenye mdomo?
Wewe!
Nani wenye masikio?
Sisi!
Basi yafungueni.

Hapo zamani, wanyama walikuwa na mioyo kama sasa, lakini hawakujua kwamba moyo una sauti. Wangeisikia wapi? Kutwa walikuwa wakitwanga, wakicheza ngoma na kugombana.

Siku moja Komba alipanda mnazi, akakuta kibuyu cha mgema kimejaa tembo. Akanywa. Akanywa tena. Akanywa mpaka kibuyu kikalia kitupu, kisha akaanguka, puu!

Wakamwita, kimya. Wakamtikisa, kimya. Wakammwagia maji, kimya. Pumzi yake ilikuwa ndogo, hakuna aliyeiona.

"Amekufa," akasema Jumbe Ngiri. "Azikwe kabla jua halijatua. Na mila mnaijua: kwenye msiba hakuna kutwanga, hakuna ngoma. Atakayevunja mila atahama kijiji hiki."

Wakamlaza Komba juu ya mzinga mkavu wa nyuki, mti uliochimbwa ndani ukabaki mtupu. Muhanga akaanza kuchimba kaburi. Mke wa Komba akakaa chini na mtoto wake mchanga, wote wawili wakilia chinichini.

Kijiji kikanyamaza. Na katika kimya kile ikasikika: du-du. Du-du. Du-du.

Jumbe Ngiri akasimama, meno nje. "Nani anatwanga msibani?"

Macho yote kwa Mama Kanga, maana hakuna aliyempita kwa kutwanga.

"Mimi? Mchi wangu uko darini! Nitwange kwa mdomo?"

Wakatazama darini, mchi upo. Du-du. Du-du.

"Basi ni Kigogota na ngoma zake!"

"Jumbe, mikono yangu hii hapa. Na mdomo wangu nimeufunga kitambaa, tazama."

Wakatazama, kweli umefungwa. Du-du. Du-du.

"Basi ni wewe Muhanga, na jembe lako!"

Muhanga akatoa kichwa shimoni. "Mimi nimemaliza zamani, wazee. Nawasubiri nyinyi. Mleteni."

Du-du. Du-du.

"Tutamjua baada ya mazishi," akasema Ngiri kwa hasira. "Mtoto amuage baba yake, tuzike."

Yule mtoto alikuwa halali. Mama Kanga alimbembeleza, akalia. Kigogota alimwimbia, akalia. Muhanga alimchekesha, ndio akalia zaidi. Lakini alipolazwa kifuani kwa baba yake, akanyamaza. Akatia kidole mdomoni. Akalala fofofo.

Mke wa Komba akafuta machozi. "Subirini kwanza."

"Shemeji, jua linatua," akasema Muhanga.

"Nimesema subirini! Huyu halali hivi ila kifuani kwangu. Kuna kitu anakisikia."

Akainama, akaweka sikio ubavuni mwa mumewe. Akaruka juu.

"Kinu kiko humu! Anatwanga mwenyewe, mzinga unaitikia!"

Wote wakamkimbilia. Mama Kanga akasikiliza, akasema, "Naam, hayo ni mapigo. Hupiga, hupumzika, hupiga, kama mchi wangu."

Kigogota akasikiliza, akasema, "Mapigo gani, mama? Huo ni mdundo. Ngoma yangu ndivyo inavyodunda."

"Mapigo!"

"Mdundo!"

"Wewe unajua nini, mtoboa miti?"

Kwa kelele zile Komba akafumbua jicho moja. "Jamani, taratibu," akasema. "Kichwa kinanipwita."

Muhanga akatupa jembe akakimbia. Mke wa Komba akacheka, akalia, akampiga mumewe kibao, akamkumbatia. Mtoto hakuamka.

Basi tangu siku hiyo tukapata maneno yetu ya sauti ya moyo. Mapigo yalitoka kinuni kwa Mama Kanga, mdundo ulitoka ngomani kwa Kigogota, na kupwita kulitoka kichwani kwa Komba. Jumbe Ngiri hakutoa neno, alitoa samahani, moja kwa kila aliyemsingizia.

Ngano yangu imelala hapa, msiiamshe. Funzo lake ni hili: usiharakishe kuzika, wala kulaumu, kabla hujainama ukasikiliza. Wako wanaosema kwamba Komba aliacha tembo siku ile. Bi Mwanamvita hakuniambia hivyo, nami siongezi.

Asubuhi baada ya kusimuliwa ngano hii, jirani yangu Bi Tabu alianza kutwanga alfajiri, kama kawaida yake. Siku zote nilikuwa nikimnung'unikia moyoni, maana alikuwa akimwamsha mwanangu. Siku hiyo nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua mchi, nikaenda uani kwake. Alinitazama, akasogea kidogo. Nikaingiza mchi wangu kinuni, tukawa tunapokezana.