Kisima cha Bi Chausiku na Watia-Dawa Watatu

Sogeeni, wadogo kwa wakubwa, lakini anayekula aweke sahani chini kwanza. Hadithi hii ina uvundo. Naisimulia kwa sababu nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Mtaa wetu wa Kilongo una viwanda vya nguo, na nyuma ya viwanda kuna karakana za watia-dawa. Nyie mnadhani kitambaa kikishafumwa na kutiwa rangi basi kazi imekwisha. Wapi! Hapo kinapelekwa kwa watia-dawa kikafunzwe tabia. Na katika watia-dawa wote wa Kilongo, watatu walikuwa na vipawa ambavyo hata adui yao asingevikana.

Kibwana alikuwa na dawa ya kuzuia majimaji. Kitambaa alichokichovya yeye ukikimwagia maji, chai au mafuta ya taa, vyote vinateleza na kudondoka kama umande juu ya jani la jimbi. Unakung'uta, unakwenda zako.

Mwanahawa alikuwa na dawa ya kuzuia moto. Pazia lake ukilisogezea kiberiti linajikunja kidogo, linapata weusi, basi. Wenye hoteli walikuwa wakimpigia simu hata siku za sikukuu.

Kobelo yeye alikuwa na dawa ya kuzuia vijidudu. Shati lililopita mikononi mwake ungelivaa wiki nzima ukibeba magunia sokoni na mkeo asikuhamishe chumba.

Zamani kazi zao zilikuwa za kubahatisha. Siku hizi dunia imeingiwa na uvivu wa kufua na woga wa kuungua, na oda zinamiminika. Hospitali zinataka mashuka, wapishi wanataka aproni, shule zinataka sare ambazo hata mtoto akigaagaa nazo hazikunjamani. Kila msimu mnunuzi anakuja na jipya. Leo anataka kisilowe, kesho kisiungue, keshokutwa kisinuke, mpaka akatokea mmoja aliyetaka yote matatu katika jora moja. Basi watatu hawa, waliokuwa hawapeani hata salamu, wakalazimika kufanya kazi pamoja.

Sasa niwaambie lile ambalo wenyewe hawalisemi. Dawa haiingii yote kwenye kitambaa. Nyingine inabaki kwenye mapipa, na ile inayobaki inamwagwa mtaroni. Ule mtaro, jamani! Una povu zito kama la mbwa mgonjwa, na harufu yake ni ya mayai viza yaliyotiwa marashi. Vyura walikwisha zamani. Bata wa jirani yangu aliteremka mle kutafuta minyoo, akarudi kifua kiko wazi hakina unyoya hata mmoja, akafa mlangoni kwake. Nilimwona bata yule nikatapika kweli, sitanii.

Tukaenda kulalamika. Kibwana akasema maji yake ni safi, mchafu ni Mwanahawa. Mwanahawa akasema yake yanachuruzika kidogo tu, muulizeni Kobelo. Kobelo akacheka, akatuambia dawa yake inaua vijidudu, kwa hiyo yeye ndiye anayeusafisha mtaro wetu na tunapaswa kumshukuru. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Tukarudi nyumbani tumeziba pua.

Kilichotuponya kwa miaka yote hiyo ni kisima cha Bi Chausiku. Bi Chausiku ni mkaanga maandazi, mjane, nyumba yake iko kule juu ambako uchafu wa mtaro haufiki. Kisima alikichimba marehemu mumewe, na tangu hapo mtaa mzima tunachota bila kuulizwa. Maji yake ni baridi na matamu. Hatuna mengine.

Bi Chausiku ana mjukuu mmoja, Zaituni, aliyefiwa na mama yake angali ananyonya. Ana huyo tu. Lile jora la kwanza la dawa tatu lilipotoka na pindo la kombo, mnunuzi akalikataa, na watia-dawa wakaligawa vipande kwa majirani. Bi Chausiku akapata kipande kikubwa, akakitundika kuzunguka kitanda cha Zaituni kiwe pazia.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, kwa hiyo Bi Chausiku akaingiza jiko ndani na kukaangia humo humo chumbani. Zaituni alikuwa amelala. Bi Chausiku alipogeuka kuchukua unga, jiko likayumba, karai likapinduka.

Mafuta yanayochemka yakaruka mpaka kitandani. Yangelilowesha lile pazia na kumfikia mtoto usoni, lakini pazia lilikuwa limepita kwa Kibwana. Mafuta yakateleza juu yake, yakaishia sakafuni.

Yale ya sakafuni yakagusa makaa, yakalipuka. Ndimi za moto zikapanda kwenye pazia, na pazia jingine lolote lingekuwa jivu kabla hujasema bismillahi. Hili lilikuwa limepita kwa Mwanahawa. Likapata weusi na kujikunja, lakini halikuwaka, na Bi Chausiku akapata nafasi ya kurusha mkono na kumvuta mtoto, mguu mmoja tu ukiwa umebabuka.

Akalichana pazia, akamviringisha nalo, akakimbilia zahanati kwa njia ya mkato, ile inayovuka mtaro kwa ubao. Ubao ulikuwa umeloa. Bibi akateleza, wakaingia wote wawili katika lile povu, mguu mbichi ule na kila kitu. Mimi nilimwona akitoka mle na mtoto kifuani, ananuka kama mzoga, na nikasema moyoni mtoto huyu moto umemwacha ila kidonda kitamwozea. Lakini pazia lilikuwa limepita kwa Kobelo. Mganga wa zahanati alipolifungua alikuta kidonda kisafi, akashangaa, akasema kitambaa kile kimemkinga.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye mwiba. Wakati mtoto yuko ndani anasafishwa, Bi Chausiku alipiga magoti barazani na kuweka nadhiri kwa sauti, sote tunasikia. Alisema, "Mola wangu, mjukuu wangu akipona, kisima changu ni cha aliyemwokoa." Tukaitikia amina. Ndivyo tulivyozoea, mtu akiweka nadhiri wenzake wanaitikia, hatukufikiri zaidi. Hata yeye nadhani alikuwa akimfikiria mganga.

Na nadhiri kwa Bi Chausiku si maneno ya kupitisha wakati. Mama yake Zaituni alipougua, bibi huyu aliweka nadhiri ya mbuzi. Binti akainuka, akapika, akacheka na watu. Bibi akasema mbuzi atachinjwa mwezi ujao, bei ikishuka. Mwezi haukuisha, binti akaanguka tena, na safari hiyo hakuinuka. Mwambie yeyote nadhiri ni mchezo, usimwambie Bi Chausiku.

Zaituni akapona. Habari za nadhiri zikafika karakana, na watatu wale wakaja mbio. Mtoto bado ana bendeji, na hakuna aliyeshika hata chungwa moja la kumjulia hali. Kibwana alikuja na futikamba. Nawaambia alianza kupima uwanja kabla hajakaribishwa! Nilitema mate pembeni, na siombi radhi.

Wakaanza kudai. Kibwana akasema mafuta ndiyo yaliyotangulia, na bila yeye moto ungekuta maiti. Mwanahawa akasema mafuta huunguza ngozi ila moto huua, na bila yeye pangezikwa majivu. Kobelo akauliza, wenzake wamewahi kuona mtu anavyokufa kwa kidonda kilichooza? Bila yeye mtoto angekufa polepole huku anajiona. Waliyasema haya mbele ya Zaituni mwenyewe, wakimkatakata kama nyama buchani, huyu akisema uso ni wangu, huyu kiwiliwili ni changu, huyu mguu ni wangu.

Ukweli ni kwamba wote watatu walisema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ungeondoa dawa moja tu, leo tungekuwa tunasoma hitima.

Bi Chausiku aliwasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akawauliza kisima wanakitakia nini. Wote walitaka kitu kimoja. Oda zimezidi, kazi ya dawa inakunywa maji kuliko ng'ombe, na mapipa yao hayana tena pa kuchota. Kila mmoja alitaka kuhamishia karakana yake pale uwanjani. Akawauliza maji yakishatumika yatakwenda wapi. Mwanahawa akasema yatatafuta njia yake tu, Mama, maji hayana ubishi.

"Na nyumbani kwenu mnakunywa maji gani, wanangu?" Bi Chausiku akauliza.

Kibwana alisema wananunua ya chupa. Mwanahawa naye, ya chupa. Kobelo alijaribu kukwepa, mwisho akakiri na kwake ni hayo hayo, tena tangu mwanawe wa pili alipoharisha damu. Alilisema hilo kwa utulivu kabisa, mkono mfukoni. Hapo nilihisi kinyaa ambacho sijawahi kukihisi hata mbele ya mtaro.

Mtaa ukaingilia. Wengine wakasema apewe Kibwana, wengine Mwanahawa, wengine Kobelo, na ikawa kelele kama mnadani. Mzee mmoja mpenda mzaha akasema kisima kipewe lile pazia. Mwingine akasema wagawane, tukamzomea, maana hapo tungenyweshwa mapipa matatu kwa mpigo. Maalimu wa msikiti akaja na kumwambia Bi Chausiku kwamba nadhiri yenye kudhuru watu haifai kutimizwa, atoe kafara, alishe masikini, yaishe.

Bi Chausiku akamgeukia.

"Maalimu," akasema, "na yule mbuzi? Sikumkataa. Nilimchelewesha tu."

Maalimu akaaga, akaondoka. Bi Chausiku akawaambia watatu wale waende, warudi kesho baada ya swala ya adhuhuri, atamkabidhi mmoja. Nani, hakusema. Nilibaki naye mpaka watu walipotawanyika. Hakulia. Aliniuliza tu kama mimi naona mtoto anapumua vizuri, nikamwambia anapumua vizuri, akaniuliza tena.

Kesho yenyewe ni kesho hii inayokuja, ndugu zangu. Kwa hiyo msinikodolee macho kama mnaosubiri nimalizie. Mafuta yalizuiwa, moto ukazuiwa, uchafu ukazuiwa. Nani kati yao ndiye aliyemwokoa Zaituni? Ukimtaja mmoja, umemkabidhi maji yetu, na utakuja kumweleza kila mama wa Kilongo mtoto wake akianza kuharisha. Ukisema asipewe yeyote, basi wewe ndiye uende kwa Bi Chausiku umwambie avunje nadhiri, kisha ulale pale pale kitandani umshikie mjukuu pumzi zake.

Je, wewe ungeamua vipi? Sema, na useme kwa sauti. Zaituni ameamka, yupo mlangoni kwa bibi yake na kikombe chake, anaomba maji.