Ngao ya Simba wa Normandia

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na nyumba na mashamba yao huko Ufaransa, nchi ya Bretania ilikuwa na jumba la ngao. Jambo moja la jumba hilo sijalijua mpaka leo: ni nani aliyekuwa akichora. Mnyama alisimama mbele ya ngao tupu, ukungu wa asubuhi ukashuka, ukaondoka, na sura yake ikawa pale. Hakuna aliyewahi kuona mkono wala brashi.

Ngao ndiyo iliyokuwa hati ya nchi. Aliyechorwa alimiliki. Aliyechorwa chini ya miguu ya mwingine alikuwa mtumwa wake, yeye na wanawe.

Basi Simba wa Normandia, jirani mwenye nguvu, akaitaka Bretania. Hakuwa mbaya kuliko wengine, ndivyo alivyolelewa. Akamwagiza Nolwenn, kicheche mweupe aliyeitawala nchi ile, mjane mwenye watoto watatu shimoni, aje achorwe chini ya ukucha wake. Asipokuja, shimo lake litafukuliwa.

Nolwenn akawahi kufika jumbani. Akapita mbele ya picha ya Tai, ambaye ilisemekana alirudi kwao baada ya kuchorwa, ingawa kwao walikuwa bado wanamngoja. Hapakuwa na upepo, lakini unyoya mmoja wa picha ulitikisika. Akafika kwa Ng'ombe, akainusa rangi. Ilikuwa na joto, ikinukia maziwa. Jicho la Ng'ombe likamfuata, likadondosha chozi, to.

Hapo Nolwenn akaelewa.

Simba akaingia, akamwamuru asimame upesi.

"Nitasimama, bwana wangu," akasema Nolwenn. "Ila ngao huanzia juu. Nikitangulia mimi, wewe utachorwa chini ya miguu yangu. Watu watasemaje?"

"Kidudu wewe, sogea."

"Na wakuu husimama kwa miguu ya nyuma, makucha nje, ulimi nje. Ukijikunyata, watadhani ni paka."

Hilo la paka lilimuuma. Akasimama wima, akatoa ulimi. Nolwenn akarudi kinyumenyume mpaka nje ya mlango. Ukungu ukashuka, shwaa. Ndani kukawa kimya, jii. Kisha ikaja sauti nyembamba, kama ya mtu aliye nyuma ya ubao.

"Nolwenn, mama, nisaidie. Hapa hapana nafasi ya kupumua."

Ukungu ulipoondoka, sakafu ilikuwa tupu, na ulimi wa kwenye ngao ulikuwa bado umelowa.

Nolwenn hakucheka. Alikaa kizingitini akamsikiliza mpaka aliponyamaza.

Anayetaka kuonekana mkubwa kupita wote hajiachii hata pa kukimbilia.

Wanyama wa Bretania wakakutana, wakakata shauri kwamba katika nchi ile asichorwe tena kiumbe mzima. Ngao zibebe alama ya ncha ya mkia tu. Nolwenn mwenyewe akachovya mkia wake katika masizi, akazigusa ngao zote zilizokuwa tupu, tap, tap, tap, na jirani yake, Mbuzi Gwenola, akalifunga jumba kwa komeo.