Sakafu ya Siku Moja na Nusu

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Bi Nuru aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kwenye kofia aliyokuwa akiishona, na wajukuu wake watatu wakamgeukia. Walikuwa wametoka kusikiliza redio ikieleza habari za mwendo: mtu aliyekimbia mita mia kwa chini ya sekunde kumi, ndege kozi anayeporomoka angani kwa kasi kuliko gari lolote walilowahi kupanda, na treni inayokwenda bila kugusa reli. Mkubwa wao, Athumani, alisema rekodi hazina mwisho. Leo sekunde tisa, kesho tano, keshokutwa moja. Ndipo bibi akatoa methali yake, nao wakataka kujua imetoka wapi, maana sakafuni hakuna anayekimbia.

Alikuwako aliyekimbia, akasema Bi Nuru, na methali ilizaliwa siku hiyo hiyo.

Zamani, katika mji mmoja wa nyumba za mawe, paa la nyumba lilikuwa sakafu. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, kisha watu hupanda wakaipiga kwa vipande, yaani vibao vya mti vyenye mpini, muda wa siku tatu. Hupigwa kwa wimbo. Mwimbishaji husimama mbele akiwaelekea wapigaji, yeye akirudi kinyumenyume, wao wakimfuata kwa mstari. Wimbo ukienda pole, mikono na miguu huenda pole. Ukienda mbio, vyote huenda mbio. Hakuna apigaye kwa mwendo wake, maana ukiuacha wimbo utamponda jirani yako vidole.

Mwanakheri alikuwa mmoja wa wapigaji, na mwimbishaji alikuwa kaka yake, Shee. Wazazi wao walikufa mapema, Shee ndiye aliyemlea. Hapakuwa na mwingine wa kumwita ndugu. Shee alijaliwa sauti na maneno. Mwanakheri alijaliwa macho.

Basi mtaa wa pili ukamaliza sakafu kwa siku mbili. Haijawahi kutokea. Wanawake wa kule wakawa wanawauliza wenzao wa mtaa wa Shee kisimani kama wao wanaipiga sakafu au wanaibembeleza ilale. Maneno hayo yakamfikia Shee, akaapa kwamba nyumba inayofuata ataimaliza kwa siku moja na nusu. Fundi mzee akamwambia chokaa hukauka kwa saa zake, haijui mashindano. Shee akamcheka kwa adabu, akaenda zake.

Jioni, wakila, Mwanakheri alimuuliza, "Na ukishawashinda?"

"Watajua."

"Watajua nini, kaka?"

Shee akamega ugali, akautazama, akautia kinywani. 

Siku ya kwanza ilikwenda kama alivyotaka. Ya pili, watu walijaa chini barabarani kutazama, wa mtaa wao na wa mtaa wa pili. Wimbo ulikuwa mbio hata wapigaji wakawa wanahema badala ya kuitikia. Ila Shee hakutazama nyuma hata mara moja, kwa sababu mwimbishaji hageuki, huhesabu beti. Paa lile lilikuwa la beti sita kutoka upande hadi upande. Ukimaliza wa sita, umefika mwisho, unasimama. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na miaka yote hesabu haikumdanganya.

Walipokuwa wakielekea upande wa nyumba ya jirani, ubeti wa tano haujaisha, mgongo wa Shee ukagonga ukuta. Akacheka, na watu wakacheka naye. Mwanakheri hakucheka. Aliona kwamba mwendo ulivyozidi, hatua za kaka yake zilikuwa zimerefuka, na paa likawa fupi kuliko wimbo. Akamwendea wakati watu wanakunywa maji.

"Kaka, umefika kabla ya wimbo kwisha."

"Ndiyo maana ya kushinda, mdogo wangu."

"Upande ule wa barabarani hauna ukuta bado."

"Nimeimbisha mapaa mangapi, Mwanakheri? Kashike kipande chako."

Ukabaki mstari wa mwisho, wa kuelekea barabarani. Jua lilikuwa halijafika utosini. Shee akaanza, na wimbo ukatoka kama maji ya mfereji. Katika ubeti wa nne Mwanakheri akaona kisigino cha kaka yake na ukingo, na baina yake hakuna ila hatua mbili. Akaita. Vipande ishirini viliimeza sauti yake. Akatupa chake, akatoka mstarini, akakimbia juu ya chokaa mbichi akakamata kikoi cha Shee.

Kikoi kilibaki mkononi mwake. Lakini kule kuvutwa kulimpindua Shee pembeni, naye hakuangukia mawe ya barabara, aliangukia lundo la mchanga. Paja likavunjika. Wapigaji, kwa kuwa mikono ilishazoea, walipiga mara tatu zaidi bila wimbo, ndipo wakasimama.

Chokaa haingojei mgonjwa. Baadhi yao wakamalizia sehemu iliyobaki kimya kimya, na adhuhuri ikaadhiniwa sakafu imekwisha. Siku moja na nusu. Mtu akakimbia nyumbani alikolazwa Shee kumpa habari kwamba wamewashinda. Shee akauliza, "Mwanakheri yuko wapi?" Akaambiwa yuko mlangoni, ameshika kikoi, hataki kukitoa. Akafumba macho, machozi yakamtoka.

Mvua ya kwanza ilipita sakafu ile kama chujio. Wakaibomoa, wakaipiga upya siku tatu. Shee aliimbisha akiwa ameketi kwenye kiti, uso umeelekea ukingo, na tangu hapo akawa anamwambia kila kijana aliyejisifia kasi yake methali ile ile.

Athumani aliuliza kama kuna aliyewahi kuivunja rekodi ile.

"Ipo mpaka leo," Bi Nuru akasema. "Hakuna aliyeitaka."

"Kwa hiyo, bibi, tusikimbie?"

"Kimbieni, nani kawakataza? Shee hakukosea kukimbia. Alikosea kudhani paa litarefuka kwa kuwa yeye amezidisha mwendo." Akaigeuza kofia, akaitazama upande wa pili. "Mbio za sakafuni, mwanangu, huishia ukingoni."