Shaba ya Kisamo

Kaeni mkaribiane, watu wa Usangira, na mwenye kikohozi akimalize sasa, maana habari hii husemwa kwa sauti ya chini na sitairudia kwa ajili ya mtu aliyekuwa akipiga gumzo. Ni ya zamani za mababu, wakati watu wetu walipokuwa wakilala jicho moja wazi, kwa sababu Warosho wa nyikani walipanda mlima huu kila baada ya mavuno, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe, wakawafunga watu kamba za shingoni, na waliofungwa hawakurudi wala habari zao hazikurudi.

Ndipo akazaliwa Kisamo mwana wa Ndeoya, mjukuu wa Lukio mfua vyuma, Kisamo Mvunja Mwamba, Kisamo Mabega ya Nyati, aliyepanda mlima huu Warosho wakimfukuza, akiwa amembeba mama yake mgongoni na ndama mikononi, wala asimwache hata mmoja. Siku ile, alipowatua, aligeuka akautazama moshi wa nyumba zetu, akatamka: "Hatutakimbia tena. Nitachimba mahali ambapo mkuki haufiki, na adui atapita juu ya vichwa vyetu asituone."

Akachimba. Shimo lilianzia chini ya zizi, likashuka, likapinda, likapanuka kuwa ukumbi wa kutosha koo zote, na kutoka hapo lilikusudiwa kwenda mpaka mtoni, ili waliojificha wapate maji na mlango wa kutokea. Wanawake, wakiongozwa na Mkunde dada yake Kisamo, waliubeba udongo alfajiri wakaumwaga mtoni usije ukaonekana. Na wazee wakaweka mwiko, ulioonekana wa busara, kwamba zaidi ya kona ya mwisho asipite mtu ila Kisamo, ili hata anayetekwa na kuteswa asiwe na la kusema. Kule mbele, basi, alikuwa peke yake na jembe lake na giza.

Huko ndiko alikokutana na shaba. Ulikuwa mshipa mnene, mwekundu, nao ulielekea kushoto, ilhali mto uko kulia. Siku zile mwenye bangili za shaba mpaka kiwikoni aliamkiwa na watu waliomzidi umri, na neno lake ndilo lililofunga baraza. Kisamo akajiambia atachimba kidogo tu, kisha arudi kwenye kazi ya watu. Kwa siku ile ya kwanza simlaumu; hata mimi ningeugusa. Namlaumu kwa zilizofuata.

Msimu baada ya msimu aliifuata shaba. Akatoboa tundu lake kwenye ukingo wa juu wa mlima, akaitolea humo mali yake kwa wahunzi wa ng'ambo, na huko akafuga ng'ombe katika mazizi ya watu wengine, akingoja siku atakayotutokea akiwa mtawala. Mkunde alipoona udongo unazidi kuwa mkavu badala ya kulowa, alimwuliza, "Kaka, mto bado uko mbali?" Naye akamjibu, "Mwamba ni mgumu, dada yangu. Vumilieni." Mkunde akawaambia wenzake wavumilie. Nani angemshuku Mabega ya Nyati?

Warosho wakaja ulezi ukiwa umetoka kuvunwa. Watu wetu wakaingia shimoni, mlango ukafukiwa kwa samadi, mienge ikazimwa moshi usije ukawachongea. Lakini mara hii Warosho hawakuondoka, maana walikuwa wamechoka kukuta vijiji vitupu. Walipiga kambi ukingoni, wakala ulezi wetu, wakangoja. Walioko chini walisikia nyayo juu ya vichwa vyao. Walisikia mikuki ikichomwa ardhini, huku, kisha kule, kisha karibu zaidi, na udongo ukawaangukia machoni wala hakuna aliyethubutu kujipangusa. Akina mama waliwaziba watoto midomo kwa viganja, wakiogopa kilio na wakiogopa viganja vyao wenyewe. Maji ya vibuyu yakaisha. Watu wakaanza kulamba kuta, na kuta zilikuwa kavu.

Mkunde alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Akatambaa gizani mpaka kwa kaka yake, akanong'ona, "Tupeleke mtoni, hata kama ni tundu la kupitisha kibuyu tu."  Kisamo akamshika mkono, akamvusha ile kona ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuivuka, akakiweka kiganja chake ukutani upande wa kulia. Njia ya mtoni haikuzidi urefu wa mkono. Kisha akamgeuza kushoto, na Mkunde akaenda akipapasa, akaenda, akaenda, katika njia pana iliyolainishwa vizuri na kuwekewa nguzo, mpaka akanusa moshi wa kambi ya Warosho. Akarudi kwa kaka yake. Hakupiga kelele, kwa kuwa mle ndani hata hasira ilikuwa ya kuua watu. Alisema tu, "Kumbe nguvu ulikuwa nazo."

Kisamo akalia. Njia ya mto ilipaswa kuchimbwa upesi, na anayechimba upesi husikika, nao Warosho walikuwa wamelaza masikio ardhini. Akamkabidhi dada yake jembe, akatamka mbele ya koo zote kwa mnong'ono: "Niliwaambia mwamba ni mgumu. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nikijichimbia mali. Chimbeni kulia, na mkisikia kishindo upande wa kushoto, msije kunitafuta." Wapo waliotaka kumnyonga palepale. Mkunde akasema, "Mwacheni akafanye kazi yake."

Akaenda kwenye tundu la ukingoni, akaanza kuipiga shaba kwa nyundo, kwa nguvu zote alizozaliwa nazo, mlima mzima ukavuma, na chini ya mvumo huo wanawake wakachimba bila kusikika. Warosho wakaufuata mlio. Wakaliona tundu, wakaiona shaba ikimetameta kwenye mienge yao, wakaingia wakisukumana, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza, na Kisamo akarudi nyuma akigonga na kuwavuta, mpaka wote walipokuwa ndani. Hapo akazing'oa nguzo.

Kishindo kile kiliwaangusha waliokuwa wakichimba. Waliinuka wakaendelea, kwa jembe, kwa vipande vya vibuyu, kwa kucha, mpaka udongo ukalowa, ukawa tope, na mto ukawaingilia mikononi. Watu wakanywa. Mtoto wa Mkunde hakunywa. Alikuwa amekwisha kupoa mgongoni mwa mama yake, naye mama alichimba hivyo hivyo akiwa amembeba, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kumlaza.

Mwili wa Kisamo haukupatikana, na ng'ombe wake wa ng'ambo hakuna Msangira aliyekwenda kuwadai. Wapo wanaotaka nimwite shujaa, na ni shujaa, maana sisi sote ni uzao wa waliookolewa na kishindo chake. Wapo wanaotaka nimwite mwizi, nao siwabishii. Mkunde ndiye aliyeufuta ule mwiko, na tangu hapo Usangira hakuna mtu anayefanya kazi ya watu mahali ambapo watu hawawezi kumwona.

Na wewe tuliyekuchagua utuongoze, uliyekaa hapo mbele umependeza, vua bangili zako. Njia ya mtoni imejaa tope, na anayetuongoza ndiye anayelizoa kwanza, gizani, akiwa na mzigo mgongoni. Mzigo wako ni jiwe; tumelitoa majini asubuhi hii, uzito wake ni wa mtoto mchanga, nalo bado ni la baridi. Mama aliye nyuma yako ameshika mbeleko. Geuka akufunge.