Mzee Gwakisa Mfyeka Njia

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmeitika wanne tu. Nyie wa huko nyuma mna nini midomoni, viazi? Tena. Paukwa!

"Pakawa!"

Naam, hivyo ndivyo. Mimi sipendi kuita halafu nikaachwa naning'inia. Nina sababu yangu, na sababu yenyewe ndiyo hadithi.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji mlimani, kwenye mvua nyingi na migomba mingi. Mvua inanyesha, nyasi zinaota. Ukikata leo, ukigeuka kidogo zimekufika kifundoni. Nyumba moja huku, nyumba nyingine kule, na kati ya nyumba na nyumba palikuwa na njia nyembamba ya mguu.

Watu wa kijiji hicho walikuwa na desturi yao. Wewe unafyeka njia ya jirani kutoka kwako mpaka nusu. Jirani naye anafyeka kutoka kwake mpaka nusu. Mkikutana katikati mnajuliana hali, kila mtu anarudi kwake. Lakini mkigombana! Hamtukanani, hampigani. Mnaziacha nyasi ziote. Zikifika magotini, kijiji kizima kinajua kwamba hawa hawasemezani.

Na anayetaka amani haendi na maneno. Anachukua mundu, anafyeka nusu yake, anapitiliza, anafyeka na nusu ya mwenzake mpaka uani. Mwenzake akiamka akaiona njia nyeupe, anajua ameombwa radhi. Anapika chakula, anaita, yameisha. Kuuliza "ni wewe uliyefyeka?" ilikuwa aibu, ni kama kumvua mtu nguo. Basi hakuna aliyeuliza. Hilo mlishike, mtalihitaji huko mbele.

Katika kijiji hicho alizaliwa mtu aitwaye Gwakisa. Akiwa kijana alisafiri mbali, na huko mbali akaugua. Akalala kando ya njia, hajui mtu, hajulikani. Watu wa nchi ile wakamwokota. Walimwosha, wakampa uji, wakamwondolea uchafu wake, na hawakumuuliza ni mtoto wa nani. Walikuwa watu wa Yesu. Gwakisa alipopona aliwafuata katika imani yao, akakaa nao miaka mingi. Walimfundisha na wimbo. Mmoja anaimba:

"Nani yupo, nani yupo?"

Na wote wanaitikia:

"Nipo, Bwana, nipo hapa."

Nami nawaomba muukumbuke.

Siku moja akasema, narudi kwetu niwapelekee habari hii njema. Akatembea, akatembea, akatembea. Alipofika alikuta watu wamejaa uani kwao, wamekaa chini, vichwa vimenyolewa. Mama yake alikuwa amezikwa siku tatu nyuma.

Gwakisa alikuwa na dada mmoja tu, mdogo wake, jina lake Subilaga. Ndiye aliyemuuguza mama, peke yake. Subilaga huyo alimzaa bibi yangu, kwa hiyo msidhani natunga. Alipomwona kaka yake aliinuka, akafungua mikono amkumbatie.

Lakini Gwakisa alikuwa na maneno mengi kifuani, na yalikuwa yakimwasha njia nzima. Akasimama katikati ya waombolezaji, akapaza sauti:

"Acheni vilio hivi! Mama amekufa gizani. Hakumjua Bwana. Laiti ningefika mapema!"

 

Subilaga akashusha mikono. "Kaka, umemaliza?"

"Bado, nina..."

"Mimi nimemaliza. Mama ameliita jina lako siku saba. Siku saba namwambia, tulia mama, anakuja. Umekuja, na la kwanza la kusema ni hilo? Huyo Bwana wako, kama ndiye aliyekutuma useme hivyo juu ya mama yangu, asikanyage kwangu. Na wewe usikanyage."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nyasi zikaota.

Wala si nyasi za Subilaga tu. Kijiji kizima kilisimama upande wa yule mwanamke. Nani angekataa? Hata mimi ningesimama naye, na Gwakisa ni wa damu yangu. Akajenga kibanda ng'ambo ya kijito, mkabala na nyumba ya dada yake, na njia zote za kufika hapo zikafungwa na nyasi. Mwezi mmoja, miezi miwili, mwaka. Hakuna aliyemwambia hata "umeamkaje".

Ikifika Jumapili, Gwakisa alifagia kibanda, akapanga vigoda sita alivyovichonga mwenyewe. Akakaa kwenye kimoja. Akaimba:

"Nani yupo, nani yupo?"

Akasubiri. Vigoda vitano vinamtazama. Mwishowe akajiitikia mwenyewe, kwa sauti ya chini:

"Nipo, Bwana, nipo hapa."

Sauti ilivuka kijito. Subilaga aliisikia akiwa jikoni. Kila Jumapili: mtu anaita, kimya, halafu mtu yuleyule anaitikia. Jamani, kuna upweke, halafu kuna ule wa kujiitikia. Bibi yangu alisema mama yake alikuwa akigonga sufuria makusudi, ngo ngo ngo, asisikie ule ukimya wa katikati.

Gwakisa alikaa na jambo hilo muda mrefu. Akajiambia, "Wale walioniokota walinipa uji siku ngapi kabla ya kunitajia jina la Yesu? Siku nyingi. Mimi nimeanza na maneno, na uji sijapika."

Akanyamaza. Akanoa mundu.

Alfajiri, ukungu ukiwa mzito, akafyeka njia ya kwenda kwa dada yake. Fye! Fye! Fye! Nusu yake, akapitiliza, mpaka uani. Subilaga akaamka, akaiona njia nyeupe. Akaenda zake, akakata tawi la miiba, akalilaza katikati ya njia. Maana yake: nimeona, nimekataa.

Nyasi zikaota. Gwakisa akafyeka tena. Fye! Fye! Fye! Akalifikia tawi la miiba, hakuligusa. Alilizunguka, akaendelea mpaka uani, akarudi. Subilaga akaleta tawi jingine.

Wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka.

Sasa sikilizeni. Akiwa kule uani akigeuka kurudi, aliziona njia za watu wengine. Kijiji kile kilikuwa na ugomvi kama kuku wana viroboto. Kulikuwa na mjane aitwaye Tumpe na jirani yake Kajuni. Waligombana kwa ajili ya mkungu wa ndizi ulioangukia upande usio wake, na nyasi zao zilikuwa zimefika kiunoni. Nyoka akapata makao humo, Tumpe akawa anazunguka mbali kuteka maji.

Alfajiri moja, katika ukungu, fye, fye, fye! Njia ya Tumpe na Kajuni ikafyekwa yote, mwanzo mpaka mwisho.

Kajuni akaamka. "Kumbe Tumpe ameomba radhi!"

Tumpe akaamka. "Kumbe Kajuni ameomba radhi!"

Kila mmoja akapika. Wakakutana katikati ya njia, huyu na chungu chake, yule na chungu chake, wakacheka mpaka machozi. Hakuna aliyeuliza, ilikuwa aibu.

Akafyeka na njia nyingine, na nyingine. Popote nyasi ziliposimama magotini, Gwakisa alipita na ukungu wake. Hata njia za waliokwisha kupatana akawa anaziwahi, na kila mmoja akadhani jirani amemfyekea na nusu yake. Watu wakasemezana. Wakalimiana, wakabebeana wagonjwa, wakajisifu: "Siku hizi kijiji chetu kina watu wepesi wa kuomba radhi." Na yeye aliyewapatanisha aliendelea kula peke yake.

Kuna wanaosema huo ni udanganyifu. Waseme. Mimi nasema hakutamka neno, alikata nyasi tu.

Mtu mmoja alimwona. Siku moja Tumpe aliwahi maji, akamkuta njiani, ameinama, mgongo umelowa umande.

"Unafanya nini kwenye njia yangu?"

"Nakata majani ya mbuzi."

"Huna mbuzi."

"Basi nakata ya mbuzi wa watu."

Tumpe si mjinga. Akaelewa yote papo hapo: Kajuni hakuwahi kuomba radhi, wala yeye. Akaona haya mpaka masikio yakamchoma. Akauliza, "Kwa nini?"

"Nilifanyiwa hivi nikiwa mgonjwa. Wala sikuwa nimewaomba."

"Na huyo Mungu wako?"

Gwakisa alitabasamu. "Jumapili nipo. Vigoda vipo. Lakini usimwambie mtu habari ya njia."

Tumpe hakumwambia mtu. Wala hakwenda Jumapili. Aliogopa watu watasemaje. Alipita mbali na kibanda, akijua anachokijua, na hilo alilijutia mpaka uzeeni.

Miaka ikaenda. Kumi na mmoja tangu arudi. Gwakisa akawa Mzee Gwakisa, magoti yakauma, mundu ukawa mzito.

Ikaja mvua kubwa. Ilinyesha wiki nzima, na ilipokatika, watu waliamka wakakuta nyasi. Njia hii nyasi, njia ile nyasi, kijiji chote.

Kajuni akapiga kelele kutoka uani kwake, "Tumpe! Nimekukosea nini? Mbona hujafyeka?"

"Mimi? Sijawahi kupita nusu yangu, Kajuni."

"Ah! Wala mimi sijawahi!"

Na huku: "Nilidhani ni wewe." Na kule: "Nilidhani ni wewe." Watu wakatoka majumbani, wakashangaana. Aibu ya kuuliza ilivunjika siku moja, kijiji kizima.

Tumpe akasimama katikati yao, analia. "Ni Gwakisa. Miaka yote ni Gwakisa. Nilimwona, nikanyamaza. Kama nyasi zimeota, basi hawezi kuinuka."

Subilaga alikuwa hapo.  Aligeuka, akaenda kwake, akaikuta njia yake. Nyasi magotini, na lile tawi la miiba limelala ndani yake. Tangu tawi la kwanza hakuwahi kuona nyasi zimefika magotini kwenye njia hiyo. Alizoea njia nyeupe, akazoea kuikataa.

Akaingia ndani, akatoka na mundu.

Fye! Fye! Fye! Akalifikia tawi la miiba, akaliinua kwa mikono yake, likamchoma, akalitupa kijitoni. Fye! Fye! Nusu yake ikaisha. Akapitiliza. Fye! Akiwa ng'ambo akasimama avute pumzi, akasikia: fye, fye, fye, kutoka kushoto. Fye, fye, kutoka kulia. Kijiji kizima kilikuwa kinakuja kwa miundu, kila nyumba na njia yake, zote zikielekea mlango mmoja.

Subilaga alitangulia. Mlango ulikuwa umerudishwa. Ilikuwa Jumapili, na ndani sauti dhaifu iliimba:

"Nani yupo, nani yupo?"

Ukaja ule ukimya. Ule aliokuwa akiufukuza kwa sufuria. Safari hii hakuwa na sufuria mkononi.

Akaitikia:

"Nipo, Bwana, nipo hapa."

Sauti ya ndani ikauliza, "Ni nani huyo?"

"Ni mimi, kaka."

Akaingia. Mzee Gwakisa alikuwa kitandani, mwembamba, na vigoda vitano vimepangwa, vimefutwa vumbi. Hata akiwa mgonjwa alikuwa amevipanga.

"Umelowa miguu," akasema. "Nyasi zilikuwa ndefu. Nisamehe, sikuweza."

"Nyamaza, kaka."

"Na mama. Nilisema neno baya juu ya mama. Mama aliwapa watu chakula maisha yake yote. Sikuwa na haki ya kusema yuko gizani. Mungu anamjua mama kuliko mimi."

Subilaga akakaa kwenye kigoda. Akalia kile kilio alichokatazwa siku ya matanga, na safari hii kaka yake alilia naye. Kisha akawasha moto, akapika uji.

Watu wakafika. Vigoda havikutosha, wakakaa chini, wengine wakasimama nje na miundu yao. Kajuni akakohoa, akasema, "Mzee, shikamoo. Tuambie habari ya huyo Bwana wako."

Ndipo Mzee Gwakisa alipofungua kinywa. Maneno aliyokuja nayo miaka kumi na mmoja nyuma aliyasema siku hiyo, machache, kwa sauti ndogo, na hakuna aliyekohoa.

Aliishi Jumapili mbili tu baada ya hiyo. Mbili. Kijiji kilimzika na kikaimba wimbo wake, na hakuna aliyehitaji kufundishwa, maana wote walikuwa wameusikia ukivuka kijito.

Kibanda kile wakakifanya nyumba ya sala. Subilaga ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Bibi yangu alisema mama yake aliimba mstari wa kwanza, halafu watu wakitaka kuitikia, aliinua mkono kidogo wasubiri. Wanakaa kimya, nyumba imejaa, na wote wanajua ukimya huo ni wa nani. Ndipo anashusha mkono.

Basi wanangu, aliyepewa uji na apike uji kwanza, maneno yatakuja yakiitwa. Na ukisikia mtu anaita ng'ambo, usigonge sufuria. Miaka kumi na mmoja ni mingi mno kumwacha mtu ajiitikie.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naiachia hapo. Lakini kabla hamjaondoka, nataka nisikie kama mpo. Nani yupo, nani yupo?